Kazi ya Kuhesabu Siku

Kabla hajamgusa mtoto, daktari alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na dirisha la chumba cha kliniki halikufunga sawasawa. Ilikuwa hospitali ya wilaya upande wa Ziwa Victoria, siku ya kliniki ya watoto, na benchi la nje lilikuwa limejaa tangu saa moja asubuhi. Bibi mmoja aliingia na mjukuu wake wa darasa la kwanza, kamfunga leso shingoni kama anayesitiri jambo la aibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mjukuu. Shingo imeota kitu."

Daktari hakuigusa leso. Alimsalimia mtoto, akamuuliza jina la mwalimu wake, kisha akamwomba aifungue mwenyewe. Akazunguka, akasimama nyuma yake, akaweka vidole vya mikono yote miwili chini ya kidevu. Vidole vilipita chini ya taya, vikapanda mbele ya masikio, vikazunguka nyuma yake, vikagusa kisogo, vikateremka pembeni mwa shingo mpaka juu ya mtulinga. Kulia na kushoto vilikwenda pamoja, ili upande mzima uusemee upande mgonjwa. Macho yake yalikuwa yakitazama ukuta. Nilikuwa nimeketi pembeni kwa ruhusa yake na ya bibi, nikaangalia saa: dakika nne nzima hakusema neno.

"Bibi, mlikiona lini kitu hiki?"

"Siku nyingi, mwanangu."

"Mpunga mlikuwa mmeshavuna?"

"Tulikuwa tunauanika."

"Na shule zilikuwa zimefungwa?"

"Zilikuwa zinafungwa wiki ile. Ndiyo maana niliona. Mama yake aliniletea mtoto likizo."

Daktari akaandika: wiki tatu. Akachukua rula ya plastiki, ile ya wanafunzi, akapima uvimbe uliokuwa nyuma ya shingo upande wa kushoto, akaandika tena: sentimita 2 na nusu, laini kiasi, unasogea, unauma kidogo ukibonyezwa.

Nilikwenda pale nikidhani kwamba ufundi wa kutibu uvimbe wa shingo uko kwenye kisu. Siku ile niliona kuwa kisu huja mwisho, na mara nyingi hakiji kabisa. Kazi yenyewe ni kuhesabu siku: kujua uvimbe upi upewe wiki mbili, upi upewe miezi kadhaa, na upi usipewe hata usiku mmoja.

Wazee wetu waliujua mwanzo wa kazi hii, na lugha yetu ni shahidi. Mtoto akivimba mashavu chini ya masikio, kijiji kizima husema ni matubwitubwi, na wengine husema perema. Uvimbe wa mbele ya koo la mtu mzima wa milimani una jina lake, rovu. Mtoto akijikwaa akapata kidonda mguuni, mtoki huvimba kinenani, na hakuna bibi anayehangaika na kinena. Atashika mguu atafute kidonda kiko wapi. Wamejua siku zote kwamba tezi ni mlinzi wa njia fulani, na mlinzi akipiga kelele mtu huenda kuangalia njia, hamfungi mlinzi mdomo.

Shingo ndiyo njia panda yenye walinzi wengi kuliko zote. Kati ya mamia ya tezi za limfu zilizo mwilini, karibu theluthi moja ziko pale, zikilinda kinywa, koo, pua, masikio na ngozi ya kichwa, yaani milango ambayo mtoto huitumia kuuonja ulimwengu. Mtoto mzima kabisa anaweza kuwa na vitezi vidogo shingoni. Ukipapasa utavikuta kama choroko, kama kunde, vinateleza chini ya vidole, havimuumi na havikui. Daktari anayeogopa kila kunde atakata watoto wengi bure. Anayezizoea kunde mpaka asione kokwa ya tende, siku moja atamkosa mtoto aliyehitaji kukutwa mapema. Katikati ya makosa hayo mawili ndipo ufundi unapokaa.

Kwa hiyo vidole huanza kwa kuuliza mahali. Uvimbe ulio chini ya taya humpeleka daktari kinywani: humulika tochi, hukandamiza ulimi kwa kijiti, hutazama mafindofindo na kugonga jino moja moja, maana jino lililooza hutuma usaha na sumu zake chini kwenye tezi hizo. Uvimbe wa mbele ya sikio humpeleka kwenye jicho na ngozi ya uso. Uvimbe wa kisogoni na nyuma ya shingo humpeleka kichwani. Kwa mjukuu wa bibi yule, daktari alitenganisha nywele kwa vidole viwili, fungu baada ya fungu, kama mama anayetaka kusuka. Nyuma ya utosi akakuta mapunye, viduara vitatu vya ngozi yenye magamba, na kimoja mtoto alikuwa amekikuna mpaka kikawa kidonda chenye ukoko wa njano.

"Bibi, mlinzi tumemwona," alisema. "Na mwizi huyu hapa."

Hata baada ya kumpata mwizi hakuacha. Alimlaza mtoto kitandani, akapapasa makwapa na kinena, akatafuta ini na bandama, akatazama ndani ya kope kama kuna upungufu wa damu, akampima uzito na kulinganisha na kadi yake ya kliniki. Aliuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu, kama mtoto analowana jasho usiku, kama nguo za mwaka jana zimekuwa pana. Kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja. Nimeona mafundi seremala wakipima ubao mara mbili kabla ya kukata mara moja; hapa nilimwona mtu anayepima mara kumi ili asikate.

Dawa aliyoandika ilikuwa ya mapunye, griseofulvini, akaeleza kwamba inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana tumbo tupu haliipokei vizuri, na kwamba itaendelea wiki nyingi hata ngozi ikionekana imepona. Akaongeza antibayotiki ya siku saba kwa ajili ya kile kidonda. Kisha akafungua daftari la mtoto, akaandika tarehe ya wiki mbili mbele kwa tarakimu kubwa, akaipigia mstari. "Hii tarehe ni dawa ya tatu," alimwambia bibi. "Usiikose."

Katika hospitali kubwa za nchi tajiri, mtoto kama yule angeweza kufanyiwa ultrasaundi siku hiyo hiyo. Katika hospitali nyingi za wilaya, mashine kama ipo, mtaalamu wake huja siku fulani tu. Ndiyo maana tarehe ya kurudi ina uzito mkubwa hivyo. Muda nao ni kipimo, wala hauhitaji umeme. Uvimbe wa maambukizi ya kawaida ukipewa tiba na wiki mbili, hupungua. Ukikaa vilevile baada ya wiki nne, tena ukiwa umepita sentimita 2, unakuwa umejitenga na wenzake na kusema: mimi ni kitu kingine. Lakini kipimo hiki kina sharti moja: mtoto arudi, na atakayempokea akute vipimo vya mwanzo vimeandikwa. Rula bila daftari haina faida.

Upo uvimbe ambao mtoto huzaliwa nao, hata kama huonekana miaka baadaye, na huu una hila zake za kuutambua zinazofurahisha kuzitazama. Kwa uvimbe ulio katikati kabisa ya shingo, juu kidogo ya koromeo, daktari humwambia mtoto: "Toa ulimi, unitanie." Mtoto hucheka, hutoa ulimi, na uvimbe hupanda juu pamoja nao. Kisa chake ni cha kale. Tezi ya shingo, ile inayotengeneza homoni, huanzia kwenye shina la ulimi mtoto akiwa bado tumboni, kisha hushuka mpaka mahali pake. Njia iliyopitia ikikosa kuziba, hubaki mfuko wa majimaji unaoshikamana na ulimi kama ndoo na kamba yake.

Mwaka 1920 daktari mpasuaji wa Marekani, Walter Sistrunk, alieleza upasuaji ambao bado unatumika kila mahali: usitoe mfuko peke yake, toa pamoja nao kipande cha katikati cha kile kimfupa kilicho chini ya ulimi, na njia yote iliyobaki juu yake. Anayeacha kimfupa hicho hukutana na uvimbe uleule tena. Na kabla ya kukata, fundi mwangalifu huhakikisha kwamba tezi ya kawaida iko mahali pake, kwa sababu kuna watoto ambao uvimbe ule ndio tezi pekee waliyo nayo; ukiutoa, umemtia mtoto kwenye vidonge vya homoni maisha yake yote.

Mtoto mchanga mwenye uvimbe laini, mpana, pembeni mwa shingo, huingizwa kwenye chumba chenye giza. Pazia huvutwa, tochi ya kawaida huwekwa juu ya ngozi, na uvimbe mzima huwaka mwekundu, kama chimni ya kandili iliyowashwa. Hayo ni majimaji ya limfu yaliyokosa njia. Tochi imetoa jibu, na mama ameliona kwa macho yake mwenyewe. Kutoka hapo kuna upasuaji, na kuna sindano ya bleomisini inayochomwa ndani ya vifuko ili vinywee, njia inayosaidia sana pale ambapo kupasua karibu na mishipa ya shingo ni hatari. Kinachoangaliwa bila kuchelewa ni pumzi: uvimbe ukipanda mpaka chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Kuna pia kichanga wa wiki tatu anayeletwa na mama mwenye hofu, kichwa kimeinamia upande mmoja, uso umegeukia upande wa pili, na ndani ya msuli wa shingo kuna kitu kigumu kama kokwa. Akina mama hawa huwa wameshasikia neno saratani kutoka kwa majirani. Daktari hushika mikono ya mama, huiweka kwenye kichwa na bega la mtoto, na kumfundisha kunyoosha: polepole, mara kadhaa kwa siku, wakati wa kunyonyesha, wakati wa kubadilisha nepi. Msuli uliumia au ulikakamaa wakati wa kukaa tumboni au kuzaliwa. Wengi wao hunyooka kabla ya kutimiza mwaka, na dawa yote ilikuwa mikono ya mama.

Uvimbe unaojaribu subira kuliko yote ni wa kifua kikuu cha tezi. Huja kimya. Hauna joto, hauumi, tezi mbili tatu hushikamana kama vitumbua vilivyogusana kwenye kikaango, na baada ya wiki nyingi katikati hulainika. Hapo ndipo mikono yenye haraka hukosea. Mtu anaona usaha, anachukua wembe au kisu, anapasua kama jipu, na mtoto anabaki na tundu linalovuja miezi kwa miezi, kidonda kisichotaka kufunga. Nimeona makovu ya namna hiyo kwenye shingo za watu wazima, mengine yakiwa na chale za tiba za nyumbani pembeni yake. Waliopasua walitaka kusaidia. Hawakuwa wameambiwa kwamba usaha huu una baridi, na wa baridi haupasuliwi.

Fundi hutumia sindano nyembamba. Nilimwona muuguzi akimshika mtoto wa miaka mitano mapajani, na daktari akichagua pa kuingilia. Hakuchoma pale ngozi ilipokuwa imekonda na kung'aa, japo ndipo palipokuwa karibu. Alirudi nyuma kiasi cha upana wa vidole viwili, kwenye ngozi nzima, akaingiza sindano kwa mshazari mpaka ndani ya uvimbe. Njia ndefu ya sindano hujifunga yenyewe baada ya kutoka. Ngozi iliyokonda ingebaki wazi. Alivuta usaha mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Tone moja alilipaka kwenye slaidi, na slaidi ilikuwa tayari imeandikwa jina kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti na kumwacha mtoto bila jina. Kiasi kilichobaki kilikwenda kwenye kichupa kisafi bila dawa yoyote, kwa ajili ya mashine ya GeneXpert.

Mashine hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010, husoma vinasaba vya kimelea cha kifua kikuu na kujibu ndani ya saa mbili hivi, na kusema pia kama kimeshakuwa sugu kwa rifampisini. Ilianza na makohozi. Siku hizi hupokea na majimaji ya tezi. Jibu likiwa ndiyo, tiba huanza, bure, na huchukua miezi minne hadi sita. Vidonge vya watoto siku hizi vinayeyuka kwenye maji na vina ladha ya tunda, tofauti na zamani wazazi walipokuwa wakivunja vya watu wazima kwa kukisia. Mtoto hupimwa pia virusi vya UKIMWI, na watu wa nyumbani hutafutwa, kwa kuwa mtoto mdogo mara nyingi huupata ugonjwa huu kwa mkubwa anayekohoa karibu yake.

Kisha linakuja jaribu ambalo daktari huwaonya wazazi mapema. Katikati ya tiba tezi inaweza kuvimba zaidi. Kinga ya mwili imeamka na inapigana na mabaki ya vimelea. Mzazi asiyeonywa husema dawa imeshindwa na kuiacha. Aliyeonywa huja kliniki, hupimwa, hutulizwa, na kuendelea. Maneno machache yaliyosemwa siku ya kwanza hulinda miezi yote inayofuata.

Lakini ole wake anayejifunza subira tu. Kuna uvimbe usiosubiri, na Afrika Mashariki ndiko ulikopata jina lake.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa ameona kitu cha namna hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alimpima, akamkuta na uvimbe tumboni pia. Burkitt alikuwa na jicho moja. Lingine lilipotea utotoni. Jicho hilo moja liliona kwamba watoto hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akaandika barua kwa madaktari wa mbali akiwatumia picha, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu kutoka Kampala mpaka kusini mwa bara, maili 10,000 ndani ya wiki kumi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: "Mmeona watoto kama hawa?" Ramani iliyotoka ilifuata joto na mvua. Penye baridi ya milima na penye ukame, ugonjwa ulipungua. Penye malaria tele, ulikuwepo.

Vipande vya uvimbe kutoka Mulago vilisafirishwa kwa ndege kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ndege mojawapo ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yana ukungu kama yameingia uchafu. Wengine wangekitupa. Epstein alikiangalia kwenye darubini, akakuta kumbe ukungu ule ni seli hai za uvimbe zilizojibandua na kuelea. Seli hizo zilikubali kuoteshwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na safari yake ilianzia kwenye taya la mtoto wa Uganda.

Saratani ya Burkitt hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Inaweza kujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyeonekana Jumatatu ana taya kubwa zaidi Jumatano. Ndiyo maana daktari niliyemtazama, kila akikuta uvimbe wa taya au shingo ya juu, huingiza kidole kinywani na kutikisa magego taratibu. Magego yanayocheza kwa mtoto ambaye umri wake wa kung'oka magego bado, huweza kuja kabla uso haujavimba vya kutosha kumtisha mzazi. Na kila akipapasa juu ya mtulinga hupunguza mwendo. Tezi iliyovimba pale hupokea habari kutoka kifuani na tumboni, na huchukuliwa kuwa ni ya hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Mtoto huyo hapewi tarehe ya wiki mbili. Hupewa barua ya rufaa na nauli itafutwe siku hiyo.

Hapa sasa kisu kinaingia, na chenyewe kina adabu. Kwanza, picha ya kifua. Tezi zilizojaa kifuani zinaweza kubana njia ya hewa, na mtoto anayepumua vizuri akiwa ameketi anaweza kukosa pumzi akilazwa chali na kupewa nusu kaputi. Pili, hakuna predinisoloni kabla ya kinyama kuchukuliwa. Dawa hiyo husinyaza uvimbe wa saratani ya tezi kwa siku chache, wazazi wakafurahi, na baadaye mtaalamu wa patholojia akaletewa kinyama ambacho hakisemi tena kitu. Tatu, huchaguliwa tezi inayozungumza zaidi, si iliyo rahisi kufikia. Pembeni mwa shingo hupita mshipa wa fahamu mwembamba unaoinua bega; ukikatwa kwa haraka, mtoto atabeba ndoo na mkoba kwa upande mmoja maisha yake yote.

Tezi ikishatoka, hugawanywa. Nusu huenda kwenye fomalini, chupa ya mdomo mpana, dawa ikiwa nyingi kukizidi kinyama mara kumi. Nusu nyingine hubaki kwenye maji ya chumvi bila fomalini, kwa sababu fomalini huua vimelea, na kama ni kifua kikuu hakitaota. Chupa hubandikwa jina ubavuni, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Halafu inaandikwa fomu. Niliisoma moja: umri, mahali pa uvimbe, siku ulipoanza, ukubwa wa leo na wa wiki iliyopita, dawa zilizokwisha kutumika, na wasiwasi wa daktari. Ilijaa mpaka pembeni. Chupa na fomu vilipanda basi la asubuhi kwenda hospitali ya kanda. Nilifikiria kile kichupa cha ukungu cha mwaka 1963. Ufundi ni uleule: mtu mmoja anakata akimfikiria mwenzake ambaye hatamwona, aliyeinama kwenye darubini mbali.

Jibu likirudi kuwa ni Burkitt, habari njema ni kwamba ugonjwa unaokua haraka hivyo huyeyuka haraka pia. Miaka ya mwanzo ya 1960, Kampala haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt akajaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu za siklofosfamidi. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale kituo cha kutibu limfoma, yaani saratani za tezi kama hii, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Siklofosfamidi bado ni nguzo, pamoja na vinkristini na methotreksati. Hata kuyeyusha kuna hatari: uvimbe ukivunjika ghafla, taka zake huziba figo. Kwa hiyo mtoto hutangulizwa dripu ya maji mengi na alopurinoli, na muuguzi wa usiku hupima mkojo wake kwa kikombe chenye mistari, saa kwa saa, na kuandika. Anayeandika mililita saa tisa usiku ni fundi sawa na aliyeshika kisu.

Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wengi bado hawafiki huko, na sababu kubwa zinajulikana: wamefika wamechelewa, jibu la patholojia limechelewa, au nauli ya kurudi kwa dozi ya tatu imekosekana wakati uvimbe hauonekani tena na wazazi wanaamini kazi imekwisha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone, na Burkitt ni miongoni mwa saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo cha lengo hilo. Ni lengo la siku, kama mengine yote katika kazi hii.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwenye ile hospitali ya wilaya. Bibi alikuwa benchini tangu alfajiri, daftari mkononi limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowane. Mtoto hakuwa na leso. Daktari alisugua viganja, akasimama nyuma yake, akaanza tena chini ya kidevu, polepole vilevile, kana kwamba hajawahi kuigusa shingo ile. Kisha rula. Sentimita 1 na robo. Kidonda cha kichwani kilikuwa kimekauka.

"Kimepungua," alisema bibi, akimsaidia daktari kutoa jibu.

"Kimepungua, bibi. Lakini dawa ya mapunye haijaisha." Akageuza ukurasa, akaandika tarehe nyingine, akaipigia mstari.

Msomaji mwenye mtoto nyumbani, hili ni lako. Uvimbe shingoni usioisha kwa wiki mbili, upeleke hospitali. Ulio juu ya mtulinga, unaokua kila siku, au unaoambatana na meno kulegea, homa isiyokoma, kukonda au kupumua kwa shida, upeleke leo. Usiukubali upasuliwe kama jipu kabla haujajulikana ni nini. Kumbuka siku ulipouona mara ya kwanza, hata kama ni kwa msimu wa mpunga, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa hilo. Na ukipewa tarehe ya kurudi, rudi.